Majibu kwa Wasomaji: Giza, barua na hela za nyumbani kwa wanaosoma Ujerumani

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi sana kutoka kwa wanafunzi walioko Ujerumani, wengi wameingia Oktoba kwa semesta ya baridi na sa hivi ndo baridi yenyewe imewakolea. Zinazofanana nimeziunganisha. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zingine kwa sababu iliniuma. Mi nimesoma hukohuko kwa hiyo najibu kwa nilichokiona, na penye sheria nimeweka sheria ilivyo.

Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 26, kwetu Tukuyu, niko Dresden nasoma masta. Mwanzoni nilifurahi sana ila sa hivi sijielewi kabisa. Kwenye korido yetu tuko wengi lakini milango yote imefungwa, nikisalimia watu wananiangalia tu wanapita. Saa kumi jioni nje ni usiku. Siku nisiyo na kipindi nalala mpaka saa nane mchana na bado nikiamka nimechoka, nakula mkate tu maana kupika peke yangu sioni hata kwa nini. Mama akipiga video nawasha taa zote nicheke cheke afu tukikata nalia. Kanisa letu la Moravian ndo walinichangia nauli, sasa nitaanzaje kusema nimeshindwa? Naomba usinitaje.

Marahaba mdogo wangu, na sikutaji. Hakuna mahali kwenye barua yako umeshindwa kitu, vipindi unaenda, umefika nchi ya watu mwenyewe, umefungua akaunti, umejiandikisha mtaa, hayo yote umefanya kwa lugha ambayo mwaka jana ulikuwa huijui. Kilichokukuta ni giza na upweke vimekuja kwa pamoja na vyote viwili vina dawa.

Tuanze na giza maana watu wa kwetu hatulichukulii serious. Desemba hapo Dresden jua linatoka kama saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, na siku nyingi hata hayo masaa machache ni mawingu. Wewe umekua kwenye nchi ambayo jua linatoka na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, mwili wako haujawahi kuambiwa kulala mapema hivyo. Kwa hiyo kuchoka kwako sio uvivu. Unachofanya ni hiki, kila siku kati ya saa sita na saa nane mchana toka nje, iwe mvua iwe theluji, vaa tembea hata nusu saa kando ya mto Elbe kisha urudi. Mwanga wa nje hata siku ya mawingu ni mkali kuliko taa zako zote za chumbani. Halafu nenda kwa daktari wa kawaida wa mtaani, wanamwita Hausarzt, mwambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, muulize na habari ya vitamini D. Bima ya afya unalipa kila mwezi, itumie.

Kulia kila siku na kutokula ni jambo la kupeleka kwa mtaalamu, sio la kuvumilia. Studentenwerk, hao hao wenye mahosteli na kantini ya chuo, wana washauri wa saikolojia kwa ajili ya wanafunzi, hulipi, na ukiandika unaweza kuomba mtu wa Kiingereza. Mambo yako hayaendi kwa walimu wala kwa watu wa viza, wamefungwa na siri ya kazi yao. Na siku ikifika ukaanza kuwaza kujidhuru usisubiri miadi ya mtu yeyote, piga 112 saa hiyohiyo, namba ni bure hata simu haina salio.

Sasa hao majirani. Mjerumani barabarani hakusalimii lakini mpeleke kwenye chumba cha kusubiria daktari, akiingia tu anasalimia chumba kizima na wote mnaitikia, na akitoka anaaga. Kwenye lifti hivyohivyo. Yaani salamu wanayo ila ina mahali pake. Korido ya hosteli ni kama njia ya kupita tu, mahali pa kuongea ni jikoni. Kwa hiyo hamia jikoni mdogo wangu, hiyo mkate wa chumbani acha. Wali wa nazi unaweza kabisa, maduka ya Waasia yana tui la kopo, iliki, mdalasini, kila kitu. Pika saa moja jioni wakati na wenzio wanapika, kitunguu kikianza kuungua na bizari mtu atauliza tu unapika nini, hapo ndo mahali pako. Akionja usimwambie "karibu siku nyingine" maana hiyo kwake haina maana yoyote, mwambie "Jumamosi ya wiki ijayo saa moja jioni", ataandika kwenye kalenda yake na atakuja saa moja kamili na kitu mkononi. Na wao wakikwambia tuonane baada ya wiki mbili hawajakukataa, wamekupa nafasi ya kweli kwenye ratiba.

Sitakudanganya kuwa kila anayekukazia macho ana aibu tu. Dresden ndo mji yalikoanzia yale maandamano ya Pegida, kundi la kupinga wahamiaji na Waislamu, mwaka 2014 na watu wenye chuki wapo. Ukitukanwa au ukisumbuliwa andika siku, saa na mahali, kisha peleka kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia ubaguzi, usikae nalo chumbani. Ila usiwaweke wote kwenye kapu hilo, wengi kwenye hiyo korido ni watoto wa miaka 19 waliotoka kwao kwa mara ya kwanza na wao pia wamejifungia.

Halafu una vitu viwili ambavyo wenzio hawana. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, na Leipzig ni mwendo wa saa moja na kitu kwa treni. Wanafunzi wanaosoma lugha yetu wanatafuta mtu wa kuongea naye kwa hamu sana, we uwape Kiswahili wao wakupe Kijerumani, waandikie watu wa idara ya Afrika uone. Cha pili, Herrnhut iko kwenye mkoa wako huohuo wa Saxony, upande wa mashariki, na huko ndiko walikotokea wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Zile nyota za karatasi zinazowaka madirishani mwezi huu wote zinatoka Herrnhut. Andikia usharika wa pale, waambie wewe ni Moravian kutoka Tukuyu unasoma Dresden. Ningeshangaa sana wakikuacha ukae peke yako Krismasi.

Na mama mwambie. Sio lazima umwambie yote siku moja, lakini mwambie "mama huku nina upweke na nimeshaanza kutafuta msaada". Waliokuchangia nauli walichanga ili usome, hakuna aliyechanga ili ucheke kwenye video. Na mkishasemezana ukweli atakuombea kitu anachokijua. Kuhusu kurudi, usiamue mwezi wa Desemba. Ngoja Machi, saa zikisogezwa mbele ile Jumapili ya mwisho ya mwezi na jua likaanza kukaa mpaka saa moja na nusu usiku, ukiona bado unataka kurudi niandikie tena tutaongea kurudi, na kurudi nako si dhambi.

Salaam dada. Niko Bremen, kwetu Likoni Mombasa. Nimeletewa barua nilipe pesa ya redio na televisheni na mimi sina televisheni wala redio, nina simu tu na laptop. Rafiki yangu aniambia ni matapeli nisilipe. Barua sasa zimefika tatu. Nifanye nini?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Sio matapeli, na rafiki yako atakuponza. Inaitwa Rundfunkbeitrag, tangu 2013 inalipwa kwa nyumba, si kwa televisheni, uwe nayo usiwe nayo. Ni yuro 18.36 kwa mwezi, kwa kawaida wanaidai miezi mitatu kwa pamoja, 55.08. Wamekupataje? Ulipojiandikisha makazi ile ofisi ya mtaa iliwapelekea anwani yako, ndo utaratibu wao.

Ila ngoja kabla hujalipa. Nyumba moja inalipa mara moja tu. Kama mko watu wanne kwenye fleti moja na mmoja tayari analipa, chukua namba yake ya malipo ujaze kwamba nyumba yako imeshalipiwa na nyinyi mnamchangia huyo mwenzenu, inakuwa yuro nne na kitu kila mtu. Kama uko hosteli kwenye chumba ambacho mlango wake unafungukia korido ya watu wote, hicho kinahesabiwa nyumba yako peke yako na unalipa mzima. Wanaosamehewa ni wachache, kwa mfano wanaopata msaada wa masomo wa serikali yao, BAföG, mwanafunzi wa kutoka kwetu mara nyingi hayumo. Usipojibu wanakuandika wenyewe na deni linatembea na faini juu, mwisho linafika kwa watu wa kukazia madeni.

Na hapa niseme na wengine wote. Ujerumani mambo mazito yanakuja kwa barua ya karatasi. Sijui kwa nini hakuna anayetuambia hili uwanja wa ndege. Sisi tumezoea jambo la maana mtu atakupigia simu au atatuma meseji, huku namba yako ya kodi, kadi ya bima, PIN ya benki, miadi ya kibali, vyote vinaingia kwenye kisanduku pale chini mlangoni. Kwanza hakikisha jina lako limebandikwa kwenye kisanduku, kama halipo posta anarudisha barua ilikotoka na wewe hujui. Pili fungua barua siku ileile, hata kama huelewi, piga picha simu ikutafsirie, tafuta tarehe ndani yake maana karibu kila barua ina siku ya mwisho ya kujibu. Nimeona kijana mwenye akili darasani ana barua zimejaa kwenye droo hajafungua hata moja, anaziogopa, na kila aliyoiacha imezaa nyingine. Nunua faili la yuro mbili, toboa, panga. Basi.

Dada habari. Nimepata 1.7 kwenye mtihani wangu wa kwanza nikajua nimeshadisko, sijalala siku mbili. Supavaiza ananiambia hongera, ananicheka?

Mdogo wangu hongera! Huku 1.0 ndo ya juu kabisa, 4.0 ndo mwisho wa kufaulu na 5.0 ndo kufeli. Umefanya vizuri sana, lala. Ila jua na hili, mtihani huku lazima ujisajili mwenyewe kwenye mfumo kabla ya tarehe fulani, kuhudhuria vipindi hakukuandikishi. Na sapu sio za kuchezea, kwenye kozi nyingi ukifeli somo la lazima mara tatu unaondolewa na huwezi kuchukua kozi hiyohiyo chuo kingine chochote Ujerumani.

Dada, mi ni kijana wa Kigoma, kwetu ni mtoto wa kwanza. Nasoma Kassel mwaka wa kwanza. Tangu nifike kila wiki kuna jambo, ada ya mdogo, bati za bibi, mtaji wa shemeji, wanaona nipo Ulaya basi hela naokota. Nina hela kwenye ile akaunti ya viza na nimeshatuma kama nusu ya mwezi huu. Naona aibu kukataa maana mzee aliuza shamba kunileta. Nikibeba boksi usiku si nitaweza kuwasaidia na kusoma?

Kaka, acha kutuma hela ya hiyo akaunti. Naomba hilo ulifanye leo halafu ndo usome mengine.

Hiyo akaunti ya viza, wanaiita Sperrkonto, tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, inakuachia 992 kila mwezi, na hiyo ni hesabu ya serikali ya mtu kuishi tu, hakuna ziada ndani yake. Chukua karatasi. Chumba cha hosteli tuseme 350, bima ya wanafunzi inazidi 140 tuweke 145, redio 18, simu 10, mchango wa semesta ukiugawa kwa miezi sita unakaribia 50. Umebaki na kama 420 na hujala. Ukila kwa akili, mchana kantini ya chuo na jioni ukajipikia, 220 inapotea. Ukitoa sabuni, viatu vya theluji, vitabu na dharura umebakiwa na nini? Na baya zaidi, kibali chako kikiisha utaambiwa uonyeshe tena kwamba una hela ya kuishi. Ukishatuma nyumbani yote hutakuwa na cha kuonyesha, utarudishwa, na lile shamba la mzee litakuwa limeenda bure.

Kazi fanya, hakuna aibu. Sheria tangu Machi 2024 inakuruhusu siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na masomo yakiendelea usizidi masaa 20 kwa wiki ili ubaki kwenye bima ya wanafunzi. Kima cha chini kilikuwa 12.82 kwa saa mwaka 2025 na kuanzia Januari 2026 ni 13.90, akikupa pungufu ya hapo anakuibia. Anza kuulizia kazi za chuoni, maktaba, maabara, kusaidia wakufunzi, maana zinajua una mitihani. Boksi za usiku zipo kwenye maghala na zinalipa zaidi, ila miezi ya kwanza mwili haujazoea baridi, unatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi saa nne una kipindi, nimeona wengi walianza hivyo kidogo kidogo mpaka chuo kikawa ndo kazi ya ziada. Mwaka wa kwanza masaa kumi kwa wiki yanatosha. Na chupa usitupe, chupa nyingi za plastiki na makopo yana senti 25 za Pfand, yaani amana ya chupa, unarudisha dukani kwenye mashine, inaizungusha chupa inaimeza inakupa karatasi, unaenda nayo kaunta unakatwa kwenye bei ya unga wako.

Sasa nyumbani. Usiseme "sina", hawatakuamini maana wanaona picha zako na jaketi na majengo nyuma. Mpigie mzee mwenyewe, yeye ndo aliuza shamba kwa hiyo yeye ndo ana haki ya kujua kwanza. Msomee hizo namba moja moja, usigeuze kwenda shilingi peke yake maana 992 ikigeuka ni milioni mbili na ushee na hapo ndo matatizo yote yanaanzia, msomee na matumizi yake kwa shilingi hizohizo, chumba ni kiasi gani, bima ni kiasi gani. Muulize yeye, baba nitoe wapi? Akielewa mzee, yeye atawajibu wakina shemeji, na jibu lake lina uzito kuliko lako. Kisha chagua jambo moja utakalolibeba ukishapata kazi, mi ningechagua ada ya mdogo, unatuma mara moja kwa muhula moja kwa moja shuleni. Bati za bibi zitasubiri. Najua inauma kuandika hivyo na najua bibi ni bibi, lakini wewe ukivunjika mwaka huu hakuna bati wala ada.

Hujambo mwanangu. Mimi ni mama wa Tanga, binti yangu anaenda Ujerumani mwezi wa tatu kuanza masomo. Nataka nimfungie vitu vya kula na nguo za baridi, kuna anayeniambia vyote watanyang'anya uwanja wa ndege. Nimfungie nini?

Sijambo mama, shikamoo. Hawanyang'anyi vyote lakini vingine ndiyo. Nyama ya aina yoyote hata iliyokaushwa hairuhusiwi kuingia Ulaya, na maziwa, samli na jibini vivyo hivyo. Matunda na mboga mbichi kama embe, ndimu na pilipili vinataka cheti cha afya ya mimea, bila cheti vinabaki, ila ndizi, nanasi, nazi na tende zimeruhusiwa. Samaki mkavu na dagaa wanaruhusiwa mpaka kilo 20, lakini mama fikiria hilo begi litakavyonuka na chumba chenyewe madirisha yanafungwa, mfungie kidogo kwenye mifuko miwili mitatu mizito.

Bizari, iliki, karafuu, majani ya chai, mfungie vizuri na uandike jina juu. Unga wa sembe kilo moja inatosha kwa wiki ya kwanza, maduka ya Waafrika kwenye miji mikubwa wanauza unga mweupe, na akiukosa kuna semolina kila supamaketi, wengi wetu tumekula ugali wake. Mboga asihofu, kuna majani wanayaita Grünkohl ni ndugu kabisa na sukuma wiki, msimu wa baridi yamejaa sokoni.

Nguo za baridi usinunue huko, kweli mama. Majaketi ya Tanga hayajashonwa kwa baridi ya huku na yatakula kilo zote za begi. Mnunulie sweta moja, soksi nzito na jaketi la kusafiria, mengine akifika, kuna maduka ya mitumba na wanafunzi wanaomaliza wanauza vyao kwa bei ya kutupa. Badala yake weka kanga, atazitumia kwa kila kitu, shuka, taulo, pazia, na pea mbili za ndala za ndani kwa sababu humo ndani hawavai viatu.

Mwambie ajitahidi asifike Jumapili, maduka karibu yote yanafungwa siku hiyo na ataingia chumba kitupu hana hata maji ya kunywa anayoyaamini, japo ya bomba ni salama kabisa. Akifika ana wiki mbili za kujiandikisha makazi kwa hiyo aombe mwenye nyumba ile karatasi ya kuthibitisha kwamba amehamia, bila hiyo ofisi haimpokei. Na vyeti vyote, cha kuzaliwa, vya shule, barua ya chuo, karatasi ya bima, nakala zilizogongwa muhuri, vikae kwenye begi la mkononi analoingia nalo ndani ya ndege. Begi kubwa huwa linachelewa.